Mstari Mfupi wa Chini

Kazi yangu ni kuchora vitu ambavyo havijafika. Ukifungua programu kwenye simu na picha na maneno hayajashuka, unaona kwanza maumbo ya kijivu: duara pale itakapokaa sura ya mtu, mistari pale yatakapokaa maneno, na mng'ao mwepesi unaopita juu yake kutoka kushoto kwenda kulia, unapita tena na tena mpaka kitu chenyewe kije. Ofisini kwetu maumbo hayo tunayaita vivuli. Watu hudhani vivuli vinajichora vyenyewe. Havijichori. Kuna mtu anakaa na kupima duara liwe kubwa kiasi gani, mstari uwe mrefu kiasi gani, mng'ao uende kwa mwendo gani ili anayengoja asichoke. Mtu huyo ni mimi, na sipendi kuambiwa ni kazi ya kitoto.

Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya duka la vioo. Kutwa huko chini wanakata vioo na kuvibeba wawili wawili kuvuka ua, na jua likivipiga, mwanga unaruka mpaka kwenye dari yetu, unatembea taratibu kutoka dirishani hadi mlangoni na kupotea. Mwendo wa mng'ao wangu niliutoa hapo darini. Nilijaribu mwingine mwingi kwanza. Wa haraka ulinitia wasiwasi, wa polepole mno ulinitia usingizi, ule wa darini ukakaa sawa. Bosi wetu, tunayemwita Kasi kwa sababu hata chai anaitaka ije imeshapoa ili asipoteze muda kuipuliza, aliutazama akasema, "Haya, huu unabembeleza." Kutoka kwa Kasi hiyo ni sifa ya kutundika ukutani.

Mwaka huo tulipewa kazi na ofisi moja inayowakutanisha watoto wasio na wazazi na watu wanaotaka kulea. Kila mke na mume walioandikishwa walikuwa na ukurasa wao kwenye simu. Akipatikana mtoto wa kuwafaa, picha yake na habari zake zinatokea hapo. Kabla ya siku hiyo ukurasa hauna kitu, ila simu haijui kwamba hauna kitu mpaka iulize mtandaoni, na wakati inauliza inaonyesha kivuli changu: duara moja, chini yake mstari mrefu, chini ya huo mstari mfupi. Jibu likirudi, kivuli kinafutika na panaandikwa kwamba hakuna taarifa mpya.

Mstari wa chini niliufanya mfupi kwa sababu mstari wa chini huwa mfupi. Ndiyo desturi yetu wachora vivuli. Ukiiweka mistari yote sawa, jicho linaona rafu za kabati. Ukiufupisha wa mwisho, jicho linaona maneno ya mtu aliyefika mwisho wa habari yake akanyamaza. Hakuna maana nyingine. Naapa hakuna.

Dada yangu na mume wake walikuwa na ukurasa humo.

Waliandikishwa zamani, kabla sisi hatujaijua ofisi ile hata kwa jina. Dada ndiye mkubwa wetu na mimi ndiye kitindamimba, na katikati pana nafasi kubwa kiasi kwamba alipokuwa akinibeba mgongoni, watu wasiotujua walimpa pongezi kwa mtoto mzuri. Wa kwake hakumpata. Mimba zilikuja zikaharibika, zikaja zikaharibika, kisha hazikuja tena, na nyumbani sote tukajifunza kuzungumza habari nyingine. Shemeji ni fundi sofa, mtu wa maneno machache, maana nusu ya maisha yake amekuwa na misumari mdomoni. Walikuwa wanangoja mtoto kwa upole wa kutisha. Mimi ningeshavunja sahani.

Jumamosi moja asubuhi nilikwenda kwao. Shemeji alikuwa karakanani, mbele ya nyumba, kati ya viunzi vya sofa ambavyo havijavishwa kitambaa. Akanionyesha kwa kidole gumba kwamba dada yuko ndani. Sikumkuta sebuleni, wala jikoni, wala chumbani. Nilimkuta stoo, chumba kisicho na dirisha nyuma ya jiko, ambamo shemeji hutunza magunia ya vipande vya sponji. Alikuwa amekaa juu ya magunia, amezama mpaka kiunoni, giza limemmeza mzima isipokuwa uso. Uso ulikuwa unang'aa na kufifia, unang'aa na kufifia. Mwendo ule niliutambua kabla sijaiona simu.

"Funga mlango," alisema. "Mtandao utaingia."

"Si ndio unautaka uingie?"

"Siutaki. Ukiingia, anaondoka."

Nikaufunga mlango nyuma yangu. Mle ndani hapakuwa na sauti hata ya nyundo ya shemeji. Sponji inameza kila kitu. Dada akanisogezea gunia moja.

"Kaa. Umwone mwanao."

Nikakaa, na gunia likanishusha taratibu mpaka magoti yakawa usawa wa kidevu. Dada akaileta simu katikati yetu. Duara langu lilikuwa pale, mistari yangu pale, mng'ao unapita.

"Hiki ni kichwa," alisema, akinionyesha kwa ncha ya kidole bila kugusa. "Mviringo kabisa, hakina kasoro. Hapa ni jina. Refu, labda ni majina mawili. Na huku chini ndizo habari zake. Unaona zilivyo fupi? Hajaishi muda wa kuandikwa mengi. Huyu ni mchanga, mdogo wangu. Angekuwa mkubwa wangejaza maneno."

Nilipaswa kucheka pale pale, na yeye angecheka, na mambo yangeisha. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini alikuwa amelegea mabega namna ambayo sijamwona nayo tangu utoto wangu, na giza lile lilikuwa na joto, na mng'ao ulipopita tena juu ya duara mimi mwenyewe niliona shavu. Niseme ukweli, niliona shavu. Niliona mtu mdogo amelala ubavu na mtu mwingine akipita karibu yake na taa.

Kisha simu ikachoka kutafuta mtandao. Duara likafutika, pakatokea maneno ya kwamba imeshindikana, jaribu tena. Dada akabonyeza bila haraka na mtoto akarudi.

"Hapa stoo ndipo anapokaa muda mrefu," alisema. "Sebuleni anapepesa tu na kupotea. Siku ya kwanza nilikuja kuchukua sponji, simu ikiwa mkononi. Tangu siku hiyo asubuhi zangu ziko humu."

Nilitoka nikaenda karakanani nikiwa nimechemka. Nikamuuliza shemeji kama anajua mkewe anafanya nini stoo. Akatema misumari kiganjani, mmoja mmoja.

"Najua. Anapumzika."

"Anatazama maumbo, shemeji. Maumbo nimeyachora mimi. Hakuna mtoto pale."

"Najua umeyachora wewe. Umeyachora vizuri." Akanishika mkono akanipeleka pembeni, akafunua turubai. Chini yake palikuwa na kitanda cha mtoto mchanga, mbao zimepigwa msasa mpaka zinateleza kama sabuni. "Miaka yote hii sijapata kumwona mke wangu amekaa kimya bila kuumia. Sasa anakaa kimya na anatabasamu. Unataka niende nikamzimie hiyo simu?"

Nikaaga. Njiani siku hiyo dunia nzima ilikuwa haijashuka bado. Ukungu ulikuwa umebaki mabondeni mpaka saa hizo, nyumba zilikuja kwanza kama mapande ya kijivu, kisha zikapata madirisha, kisha nguo kwenye kamba. Watu walinijia wakiwa maduara, wakapata nyuso walipokaribia. Nilijikuta natembea polepole ili wasifike.

Wiki iliyofuata Kasi aliniita kwenye meza yake. Ile ofisi ya watoto ilikuwa imelalamika. Watu walikuwa wanapiga simu kuuliza yule mtoto wa asubuhi amekwenda wapi. Mmoja alidai amepokonywa. Mwingine alitaka kujua kwa nini wake anatokea na kurudi, kama ni mgonjwa.

"Ukurasa usio na kitu hauna haki ya kung'aa," Kasi alisema. "Simu iulize kwanza. Kama kuna mtoto, weka kivuli chako wakati picha inashuka. Kama hakuna, andika hakuna. Usimtie mtu roho juu halafu umwache hewani."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi. Nilirudi kwenye kiti changu nikajitia hamnazo. Nikarekebisha kurasa za malipo ya watu wengine, nikarekebisha ukurasa wa duka la mbegu ambao haukuwa na shida yoyote, nikabadilisha kijivu kwa kijivu kingine. Kasi akipita nyuma yangu nilikuwa nasema, "Nipo juu yake." Sikuwa juu yake. Akilini nilikuwa nakitazama chumba cha stoo kikiwa giza tupu na dada yangu amekaa ndani yake akisoma kwamba hakuna taarifa mpya.

Nikaona bora nimwambie kwa mdomo wangu kabla mashine haijamwambia. Nikaenda, nikaketi kwenye gunia langu, nikamweleza yote: mwanga wa darini, mstari wa mwisho na kwa nini huwa mfupi, simu inavyouliza na kujibiwa. Alinisikiliza kwa heshima, kama unavyomsikiliza daktari wa watu wengine.

"Kwa hiyo mstari umeuchora mfupi wewe," alisema.

"Mimi."

"Nani alikwambia uufanye mfupi?"

"Hakuna. Mkono umezoea."

"Basi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. Akaibonyeza simu, duara likarudi, na yeye akarudi kwa mtoto wake.

Hakuwa amechanganyikiwa, naomba nieleweke. Alikuwa anapika, anahesabu vitambaa vya shemeji, anawajibu wateja wakorofi mpaka wanaomba radhi. Alijua ni rangi ya kijivu. Alikuwa tu amempenda aliyemo ndani yake, na kujua hakukumpunguzia kitu.

Nilikuwa bado naburuta miguu pale ofisini alipopatikana mtoto wa kweli.

Ilikuwa mchana, katikati ya wiki. Shemeji alinipigia, jambo ambalo hafanyi. "Njoo," alisema, akakata. Nilipofika walikuwa sebuleni, simu iko mezani imelazwa kifudifudi. Nikaigeuza. Pale palipokuwa na duara palikuwa na msichana wa miaka sita, mapengo mawili mbele, nyusi moja imekatwa na kovu, amefumba jicho kwa sababu ya jua. Chini yake maneno yalijaa ukurasa, mstari baada ya mstari. Anapenda kupanda vitu. Haogopi mbwa. Anaongea sana, walezi wanamwita Redio. Aliwahi kupelekwa kwenye nyumba moja ya kulelewa akarudishwa. Anasoma vizuri akitaka.

"Hongera," nilisema, na sauti yangu ikafa katikati ya chumba.

"Wamekosea," dada alisema. "Huyu si yule."

Shemeji alikuwa amesimama dirishani. Hakuwa na misumari mdomoni na bado ilimchukua muda. "Hakuna yule mwingine, mama," alisema. Alimwita hivyo siku zote, tangu wameoana, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia aache.

"Yupo. Nimekaa naye."

"Wamesema tujibu mapema. Tukimkataa, wanampa mwingine nafasi na sisi tunarudi mwisho wa foleni. Kwa umri wetu, mwisho wa foleni ni mwisho wenyewe." Akasugua uso kwa viganja vyote viwili. "Mimi namtaka huyu. Nilimtaka alipofumba jicho. Lakini siwezi kumleta mtoto kwenye nyumba ambayo mama yake anamwangalia huku anamtafuta mwingine. Alisharudishwa mara moja."

Sijawahi kumsikia shemeji akisema maneno mengi kiasi hicho kwa mkupuo. Kisha akatoka, na baada ya muda tukasikia karakanani akivunja kitu kwa utaratibu, ubao kwa ubao. Baadaye niliona alikuwa anakivunja kile kitanda kidogo ili mbao zitoshe kitanda kikubwa. Alikuwa hajaambiwa ndiyo wala hapana, mikono yake ikaamua kutangulia.

Dada akanivuta stoo. Hakukaa. Alisimama kwenye giza ameshika simu, na mwanga ulipopita usoni kwake ulipita mara moja tu, kisha yule msichana, ambaye simu ilikuwa imeshamhifadhi, akashuka hata mle ndani kusiko na mtandao, nusu kwanza, paji la uso na nyusi yenye kovu, halafu mapengo.

"Unaona?" alisema. "Sasa kila mahali ni huyu. Nirudishie yule."

"Dada."

"Wewe unaweza. Umesema mwenyewe umemchora. Nichoree ukurasa wangu peke yangu, usiouliza chochote, usiojibiwa chochote. Awepo tu. Sitakusumbua tena maishani."

Niliweza, hilo ndilo baya. Ni kazi ndogo sana. Asubuhi iliyofuata nilifika ofisini kabla ya wenzangu nikaitengeneza: duara, mstari mrefu, mstari mfupi, mng'ao usio na mwisho. Nikaiweka kwenye simu yangu mwenyewe nikaiegemeza kwenye kikombe. Chini walikuwa wameanza kubeba vioo, na mwanga wa darini na mwanga wa simuni vikawa vinakwenda pamoja, bega kwa bega. Nilipumua nao. Sijui nilikaa muda gani. Sikusikia Kasi akiingia wala akiniita. Nilikuwa mahali ambapo hakuna kilichoharibika kwa sababu hakuna kilichofika, na palikuwa pazuri, na kama Kasi asingenigusa bega nadhani ningekuwa pale mpaka leo.

"Hiki cha nani?" aliuliza. "Kinangoja nini?"

"Hakingoji kitu."

Kasi alikitazama, na kwa mara ya kwanza nikamwona hana haraka. "Kifute," alisema kwa upole. "Hiki ni kibaya."

Nilikifuta. Nikaogopa kweli. Siku hiyohiyo nikamaliza ile kazi niliyokuwa nimeikwepa, na jioni nikaenda kumwambia dada kwamba simtengenezei.

Hakunipigia kelele. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Nimekulea mgongoni, na wewe unaniulia mtoto." Akanipa kisogo. Nililia njia nzima kurudi kwangu, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, sijui hasira ya nani.

Kilichomtoa nyumbani siku ya kumwona msichana kilikuwa adabu tu. Afisa wa ustawi wa jamii alikuwa amepanga siku, na dada hajapata kumwacha mtu akimngoja bure. Alisema atakwenda, atamsalimu mtoto, kisha atamwambia afisa pembeni kwamba hapana, kwa maneno mazuri. Maneno alikuwa ameyaandaa. Nilimsikia akiyanong'ona njiani. Mimi nilikwenda kwa sababu shemeji aliniomba. Dada hakuwa amesema nami neno.

Kilikuwa chumba cha madarasa ya awali kwenye makao ya watoto, viti vidogo vya rangi, dirisha pana linalotazama bustani ya kunde na nyanya. Shemeji alikalia kiti kimoja, magoti yakamfika masikioni, na hakuna aliyecheka. Afisa wa ustawi, mama mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, akatoka kumwita mtoto.

Redio aliingia na udongo kwenye vidole. Akamtazama shemeji, akanitazama mimi, akamtazama dada, kisha akainama kidogo akachungulia nyuma yetu.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Nani?" akauliza afisa.

"Mama. Umesema leo anakuja."

Afisa akacheka kicheko cha kuficha aibu. "Si huyu hapa, mwanangu."

Redio akamkagua dada kuanzia kichwani mpaka viatuni. Hakuwa na ubaya wowote usoni. Alikuwa anahakikisha. "Hapana," alisema. "Mama yangu ni mkubwa, amejaa. Anavaa kijani. Anapiga mluzi kwa vidole viwili, mbwa wote wanakuja. Nywele zake zinafika hapa."

"Nani amekwambia hayo?"

"Namjua mwenyewe. Nimemjua muda mrefu."

Nikamwangalia dada. Nilidhani atainuka, maana mlango alikuwa amefunguliwa na mtoto mwenyewe, na maneno yake mazuri alikuwa nayo tayari mdomoni. Aliinuka kweli. Kisha akashuka chini, akakaa sakafuni mbele ya yule mtoto, na nguo yake ya heshima ikajikunja vumbini.

"Ana nini kingine?" aliuliza.

Redio akasita, kisha akaanza. Mama huyo hula machungwa na maganda yake. Anajua njia zote. Akilala anaacha mkono nje ya shuka ili umshike. Hakumrudisha mtu yeyote popote, hata siku moja. Dada alikuwa anaitikia kila neno, akiuliza sauti yake ikoje, anatembeaje, na Redio alijibu yote bila kufikiri, kwa sababu alikuwa anayaona. Kisha kidogo kidogo sauti ikapungua, akanyamaza, akatazama tena mlangoni.

"Kwa hiyo haji?"

Afisa alifungua mdomo. Dada akainua mkono, akamzuia.

"Haji," alisema.

Midomo ya Redio ilifunguka, ikakaa wazi muda mrefu bila sauti, ndipo sauti ikaja. Hakulia kilio cha deko. Alilia kama watu wanavyolia msibani, akiyumba. Na dada naye akaanza kulia pale chini, kwa sauti, kilio ambacho hakulia kwa mimba hata moja, maana nilikuwepo na najua. Shemeji alikuwa ameshika kiti chake kwa mikono yote miwili. Mimi nilitazama nyanya za nje, zikawa haziko wazi.

"Wewe unalia nini?" Redio aliuliza kwa hasira, kana kwamba ameibiwa.

"Na mimi nilikuwa na wangu. Mdogo sana. Alikuwa anaenea hapa." Dada akakunja mkono wake wa kushoto akamwonyesha pale ndani ya kiwiko.

Redio akafuta kamasi kwa udongo wa vidole. Akasogea, akapatazama pale mahali kwa makini, akapapima kwa kiganja.

"Mimi sienei hapo," alisema.

"Huenei."

"Na wewe hujajaa."

"Sijajaa. Wala mluzi sijui."

Wakakaa. Hakuna aliyewaharakisha. Afisa alikuwa amezishika funguo zake zisilie. Kisha Redio akajilaza sakafuni, taratibu, mgongo chini, miguu ikaenda mbali mpaka chini ya viti, na kichwa akakiingiza kwenye mkono wa dada, pale kwenye kiwiko. Akakigeuza kushoto, akakigeuza kulia, mpaka kikatulia.

"Kichwa kinaenea," alisema.

 Dada alikuwa anaogopa kusogeza mkono.